Kigae Ulichokikataa

Fundi Athumani,

Kindege chetu kimerudi. Kimetua chenyewe bila rubani, pua juu, magurudumu chini, vilevile ulivyokuwa ukimwonyesha mkeo Bi Mwanaidi kwa kiganja chako juu ya meza ya chakula. Kina shimo tumboni. Shimo liko palepale uliposema, karibu na mlango wa gurudumu la kushoto, kwenye kigae ulichotaka kibanduliwe nami nikasaini kwamba ni kizima.

Nimeanza na hilo kwa sababu hukumpenda mtu wa kuzungukazunguka. Ungeniambia, Chebet, sema jambo kwanza, salamu utanipa baadaye. Basi jambo ndilo hilo. Salamu sina, na hata ningekuwa nazo sijui ningekupa kwa uso gani.

Tangu uondoke mambo yamekwenda mbio. Tulikuzika Jumanne, na Alhamisi nikapewa meza yako. Kiongozi wa vigae, ndicho cheo changu sasa. Bosi alileta keki karakana, watu wakapiga makofi, nami nikala. Nilikula vipande viwili, Fundi. Wiki mbili baadaye tulisimama mbele ya ile televisheni kubwa ya karakana hapa Sterling tukakitazama kindege kikipanda juu ya roketi yake, na nikakumbatiwa na watu ambao kwa miaka sita hawakujisumbua kulitamka jina lako. Walikuita Mani. Nawe uliitika, sijui kwa nini uliitika.

Nakumbuka siku yangu ya kwanza. Kama wageni wengi huku ughaibuni, nilikuwa nimetoka kuogesha wazee kwenye nyumba ya kutunzia wagonjwa, jioni nikisoma chuoni Annandale, nikidhani nakuja kukutana na profesa. Nikakutana nawe, mtu wa Tanga mwenye kofia ya viua chini ya kofia ya kazi, ambaye kabla ya hapo ulikuwa umetandika vigae kwenye mabafu ya watu miaka kumi na miwili, mpaka mhandisi mmoja uliyemtengenezea bafu akakuleta pale. Ulinipa kigae nikishike. Nilishangaa kilivyo chepesi, kama mkate mkavu. Ukaniambia kindege kikirudi kutoka kuizunguka dunia huingia kwenye hewa kwa kasi mpaka hewa yenyewe inageuka tanuri, na kinachokinusuru ni hivi tu, tunavyovigandisha kimoja kimoja kwa mkono. "Kigae ni kigae, binti," ulisema. "Cha chooni kikibanduka, mtu analowa miguu. Hiki kikibanduka, chombo kinaungua. Gundi haijui tofauti."

Halafu ukanionyesha kugonga. Kampuni ilitaka mashine ya kukivuta kigae kuona kama kimeshika, na sahihi mbili kwenye fomu, basi. Kugonga ulikuja nako wewe kutoka mabafuni: kifundo cha kidole cha kati, mara mbili, pole. Kigae kilichoshika kinajibu kwa sauti fupi, na chenye uwazi nyuma yake kinajibu kwa sauti ya debe tupu. Wahandisi walicheka, mpaka ulipovikamata vitatu ambavyo mashine ilikuwa imevipitisha. Kila kindege kiliporudi, tulivigonga vyote upya, kibovu kikatolewa, kindege kikaruka tena. Ndiyo fahari ya kampuni hiyo, chombo kisichotupwa baada ya safari moja. Wa kutupwa ni watu. Samahani, nimekasirika, na sina wa kumkasirikia anayenisikia.

Sasa nije kwenye masikio yako.

Niliyaona yakianza. Ulikuwa ukijibu maswali ambayo hakuna aliyeuliza. Siku niliyokuja kufuturu kwenu Woodbridge, televisheni ilikuwa juu mpaka vikombe vinatetemeka, na wanao wanakuomba kwa Kiingereza uipunguze, nawe unawauliza wanasemaje. Mimi nikaona, nikapiga kimya. Kwetu Kericho babu yangu alikufa akiwa kiziwi kabisa na hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kumwambia. Sote tulikuwa tunapiga kelele tu ndani ya nyumba, kana kwamba ndiyo desturi ya ukoo. Huwezi kumwambia mzee kwamba ameanza kuharibika. Kwa hiyo nikawa nakufuata nyuma. Ukishagonga safu ukaenda kunywa chai, mimi nairudia safu yote. Nilijiona mtoto mwenye adabu, tena nilijisifu moyoni.

Siku ile ulikuwa chini ya tumbo la kindege, mgongoni, kwenye lile godoro lako. Uligonga, ukatulia, ukagonga tena. Ukatoka ukamwambia bosi kwamba kigae kile umekibandika wewe mwenyewe na umekibandika vibaya, kibanduliwe. Ni mafundi wangapi wanaosema hivyo juu ya kazi yao? Ukaandika kwenye fomu kwamba unakikataa. Kindege kilikuwa kiondoke baada ya siku nne kupelekwa kwenye roketi, na kubandua, kusafisha, kubandika na kukausha ni siku sita. Mashine ilikuwa imekipitisha. Bosi akaniita pembeni, karibu na mlango wa stoo, akaniuliza mimi nasemaje.

Nilienda nikakigonga. Nilisikia sauti fupi, nzuri. Ningeweza kusema kwamba mimi sisikii ubaya lakini yule ananishinda kwa mbali, msikilizeni. Maneno hayo yangenichukua muda gani kuyasema? Badala yake nikamwambia: "Masikio yake siku hizi hayafanyi kazi."

Nilisema kwa sauti ya huruma, ile niliyokuwa nikiitumia kwa wagonjwa. Mimi niliyeshindwa kukwambia usoni, kwa heshima, nilikwenda kukusema kwa bosi mgongoni kwako. Bosi alinitazama kama mtu aliyeletewa zawadi. Fomu mpya ikaja, nikasaini. Yako yenye maneno ya kukataa aliikunja akaondoka nayo, na tangu hapo sijaiona.

Walikupeleka stoo ugawe glavu. Mtu aliyeshika kindege kile kwa mikono yake! Hukuniuliza nani alisema. Kila asubuhi ulinipa salamu na glavu za saizi yangu kabla sijafungua mdomo, wiki tano mfululizo, nami nazipokea na kusema asante, Fundi. Kisha asubuhi moja baada ya sala ya alfajiri ukakaa kwenye kochi na hukuinuka tena. Daktari alisema ni moyo. Mimi sijasomea udaktari, lakini nilikuwepo hizo wiki tano.

Na sasa wameandika ripoti. Inasema kigae kilibandikwa vibaya na fundi wa zamani mwenye tatizo la kusikia, ambaye hakutoa taarifa yoyote. Hakutoa taarifa yoyote! Chini kuna nafasi ya sahihi yangu, mimi shahidi. Bosi aliniwekea mkono begani akaniambia nisijisikie vibaya, mwenyewe ameshafariki, haitamdhuru. Ananitaka nisaini kesho, Jumatatu.

Jana nilikwenda Woodbridge. Mwanao mkubwa alinifungulia mlango, nikamsalimia kwa Kiswahili, akanijibu kwa Kiingereza kwamba mama yuko jikoni. Nilimweleza Bi Mwanaidi yote, nimesimama, kabla hajanikaribisha kiti, maana nilijua nikikaa sitaweza. Nilipofika kwenye habari za masikio alizima jiko. Akaniambia masikio yako yalikufa miaka mitatu iliyopita, yeye alijua, nawe ulijua. Ulikuwa ukijifungia bafuni kila Jumapili ukigonga vigae vya ukutani kwa mkono wa kulia, kiganja cha kushoto kimelala pembeni ya kile unachogonga, umefungulia maji kwa nguvu ili hata hicho kidogo ulichokuwa unasikia usikisikie. Ulikuwa unakizoeza kiganja. Hukuhitaji masikio.

Kisha akasema, "Si ungemuuliza tu, mwanangu."

Hakupaza sauti. Alinimiminia chai, nikainywa yote, yeye hakukaa. Lile neno mwanangu ndilo lililoniuma kuliko kama angenitukana.

Kiganja kile nilikiona, Fundi! Miaka yote nilikiona kimelala pale pembeni, nikadhani ni uzee, kwamba unajiegemeza. Niliiga kidole chako, nikaiga mpaka unavyoshusha pumzi kabla ya kugonga. Kiganja sikukiiga kwa sababu nilikionea huruma.

Leo asubuhi nimekwenda karakana peke yangu, kiongozi wa vigae hupewa ufunguo. Nimelala chini ya kindege kwenye godoro lako. Nimegonga kigae kilicho jirani na lile shimo na masikio yangu mazima yameniambia ni kizima. Nikaweka kiganja cha kushoto, nikagonga tena. Kilikuwa kikitikisika, kidogo sana, kama jino linalotaka kung'oka. Nimelala pale nikalia mpaka shingo ikaloa.

Na wewe nawe! Kwa nini hukuniambia? Ulinifundisha kupima gundi, kupangusa, kusubiri, kunyamaza mbele ya wahandisi, yote hayo, halafu jambo moja la maana ukalificha bafuni. Ulitaka nikuone mzima. Mimi nikakuona mzee aliyekwisha, na sote wawili tukawa watu wa adabu mno kulizungumza. Nimekukasirikia sana, Fundi. Nimejikasirikia zaidi, lakini na wewe umo.

Nimeandika taarifa yangu, kurasa mbili. Imesema ni nani alikikataa kigae na ni nani alisaini, ni nani aliyesema habari za masikio na fomu ilikwenda mkononi mwa nani. Ushahidi mwingine sina, ni neno langu tu, neno la mtu aliyekwisha kusaini uongo. Watasema msiba umenivuruga akili. Cheo watakichukua, na kazi nadhani nayo, na kuna watu wa serikali wanaolipia safari za kindege hiki watakaotaka kujua kwa nini nilitia sahihi mahali pale. Wakiniuliza nitawaambia. Mchana nimempigia Bi Mwanaidi nikamsomea yote kwa Kiswahili, neno kwa neno, na nilipomaliza akasema nipeleke.

Sikuombi msamaha. Nilikuwa na wiki tano za kukuomba ukiwa mbele yangu na glavu mkononi, nikapokea glavu tu. Ninachoweza kukuahidi ni kwamba yeyote atakayeshika kazi hii baada yangu nitamwonyesha kiganja, nimwambie ni cha nani, na nilitamke jina lako lote. Lala pema, Fundi Athumani. Kesho saa mbili nitaingia kwa bosi, na kabla ya kumpa karatasi nitamwambia kwa mdomo, kwa mdomo huuhuu uliokusema pale mlangoni, kwamba wewe ulisikia na mimi ndiye niliyekuwa kiziwi.

Mwanafunzi wako,
Chebet