Chaga Tatu za Kitanda

Baba Gaudensia,

Salamu sina. Uji uko kwenye chupa. Ndama hajanywa maji. Mimi nimekwenda Jorodom kwa dada Kornelia, kwake kitanda ni kitanda.

Miezi miwili naamka nimeshika kiuno, nakaa ukingoni mpaka mgongo ukubali kunyooka. Ukasema ni uzee. Ukanipaka mafuta ya mkia wa kondoo yaliyochacha, nikaenda misa nanuka, watu wakahama benchi. Muuguzi akaniuliza kama kitanda kinabonyea katikati, maana hicho ndicho kinachoukunja mgongo usiku kucha. Nikamjibu mume wangu amekikagua, ni kizima.

Leo asubuhi nimempelekea nguruwe pumba. Mlango mpya wa banda lake una chaga tatu zilizopigwa vanishi. Nikarudi nikainua godoro. Upande wangu, kwenye kiuno hasa, pana shimo, nawe umelitandikia gunia la mbolea. Upande wako chaga zote zipo.

Za kwangu umempa nguruwe.

~~Zing'oe, zioshe kwa maji ya moto, uzirudishe.~~ Hapana. Mimi silalii kilichokojolewa. Fundi akate mbao mpya.

Lakini asije leo, aje kesho. Leo utalala upande wangu, maana wako nimeulazia magunia ya mahindi. Mafuta ya kondoo nimekuwekea juu ya mto. Utayahitaji asubuhi.

Mkeo, yule mzee