Nyumba Iliyotoka Mstarini

Baba yangu,

Shikamoo. Mwaka na miezi imepita tangu tulipokulaza kaburini, na sikukuandikia kwa sababu kila nikishika kalamu najikuta namwandika Saidi. Leo nimeona bora nimwandike tu, yaishe. Mimi binti yako Mwanaidi nimemwonea wivu fundi wako, tena wivu mbaya, na umenifikisha mahali ambapo wewe usingependa kunikuta.

Alikuja kwako kutoka Lusu akitafuta kibarua, hajui hata kushika mwiko. Miaka kumi na miwili mkawa mnatoka pamoja na kurudi pamoja, nguo zenu zina udongo wa rangi moja. Mimi nikikuomba twende wote ulisema, "Wewe soma, mwanangu. Udongo nimeushika mimi kwa ajili yako." Nikasoma. Nikarudi Tabora msanifu wa majengo, ukakitundika cheti changu sebuleni, kila mgeni akaonyeshwa. Lakini ulipougua, uliyemwita akueleze kazi imefika wapi ni Saidi. Nilikuwa hapo hapo, nimekushikia kikombe cha uji. Na timazi lako la kunyooshea kuta ukampa yeye. Mbona hukuniuliza kama nalitaka, Baba?

Sasa sikiliza yaliyotokea. Mvua za kwanza baada yako ziliiangusha nyumba ya Bi Zainabu, ile kuukuu ya matofali mabichi, kati ya kwa Mzee Ramadhani na kwa fundi cherehani. Hakuumia mtu. Bi Zainabu hakutaka kuuza kiwanja. Alitaka nyumba mpya, yenye choo cha ndani na umeme wa kuaminika, lakini isiwe ya kuziaibisha nyumba zilizotangulia hapa mtaani kwetu Ng'ambo. Akaniita nichore. Saidi, akasema, atajenga.

Hapo ndipo nilipoharibu. Nilimwambia Bi Zainabu kwamba Saidi hajui kusoma michoro ya siku hizi, kwamba wakaguzi wakija kazi itasimamishwa. Uongo. Saidi anasoma michoro kuliko wengi niliosoma nao, na ulimfundishia michoro yangu mwenyewe, ile niliyokuwa nakuletea wakati wa likizo. Hilo nalo lilikuwa linaniuma. Bi Zainabu alinitazama kidogo, akaniamini kwa heshima yako. Tukaleta fundi mwingine kutoka Isevya.

Nilichora nyumba nzuri, Baba. Paa halizidi mapaa ya majirani. Madirisha membamba, marefu. Mlango wa mninga wa pande mbili, ukumbi unaopenya mpaka uani, lipu ya chokaa. Upande wa mbele nikaufuata mpaka wa kiwanja kama ulivyo kwenye ramani, kamba imenyooka kabisa. Msingi ukachimbwa, ukuta wa mbele ukapanda hadi usawa wa kifua.

Alasiri moja Mzee Ramadhani alitoka na mkeka wake, akaketi barazani kwake kama kawaida. Nikamwona anainama mbele, anarudi, anainama tena. Kisha akausogeza mkeka hadi ukingoni kabisa. Nilimuuliza kulikoni.

"Hapana kitu, mwanangu," akasema. "Namtafuta jirani yangu tu."

Fundi cherehani alikuwa amekaa kwake, upande wa pili wa ukuta wangu. Wamesalimiana hivyo tangu sijazaliwa, kila mmoja kakaa kwake. Ukuta wangu ulikuwa umewatenganisha.

Nikachukua futi nikapima mtaa mzima, mlango kwa mlango. Hakuna nyumba ya zamani iliyokaa mpakani. Mtaa wetu unapinda, wenyewe wanasema kwa kuwa ulifuata njia ya misafara, na nyumba zimerudi nyuma kidogo kidogo kuufuata. Ile iliyoanguka ilikuwa imerudi hatua nzima. Nimekulia mtaa huo na sikuwahi kuliona.

Kesho yake Saidi akaja. Hakuna aliyemwita. Alinisalimu, akasimama karibu na kamba, na akasema kwa upole, na upole wake ndio ulionichoma, kwamba marehemu hakuwa akichimba msingi kabla hajakaa kwanza barazani kwa kila jirani, aone watu wanaonana wapi.

"Alikuambia lini hayo?" nikamuuliza.

"Hakuniambia, dada. Nilikuwa nakaa naye."

Niliingia ndani ya lile pagala nikalia. Si kwa ajili ya ukuta. Nilizililia alasiri zote mlizokaa mnatazama watu, mimi niko dawatini nachora nyumba za kupatia alama.

Ningeweza kunyamaza. Kibali nilikuwa nacho, Bi Zainabu hakuwa amelalamika, na Mzee Ramadhani unamjua, angekufa na lake moyoni. Siku mbili nilipiga hesabu moja tu: nikibomoa, Ng'ambo nzima itajua kwamba Saidi ameona nilichoshindwa kuona. Siku ya tatu nikaenda kwa Bi Zainabu. Alikuwa anachambua mchele. Nilimweleza ukuta, kisha nikamweleza na uongo wangu. Aliendelea kuchambua mpaka mchele wa ungoni ukaisha.

"Baba yako angeubomoa kwa mkono wake," akasema. "Na Saidi utamwambia wewe, si mimi."

Nikamwambia. Nilitumaini atasema yamekwisha. Hakusema.

"Umeniumiza, dada. Watu wananiuliza nimekosa nini kwa marehemu hata binti yake anikatae."

Kisha akasema atarudi kazini, ila na mimi niwe hapo kila asubuhi kama mafundi wengine, si kuja saa sita na viatu vya ofisini. Nikakubali. Tuliubomoa ukuta wa mbele sisi watatu, yeye, mimi na yule fundi wa Isevya, majirani wote wakitazama. Viganja vyangu vilitoka malengelenge. Hakuna aliyenipa pole, na sikustahili.

Nyumba imekwisha. Bi Zainabu alihamia baada ya Idi. Imerudi hatua moja nyuma, na wale wazee wawili wanasalimiana bila kusogeza mkeka.

Wivu haujaisha, Baba, nisikudanganye. Saidi akisawazisha lipu kwa kiganja anainamisha kichwa kushoto, vile vile kama wewe, nami inanibidi nitazame pembeni. Kuna miaka yako anayo yeye ambayo mimi sitaipata. Nimeanza kumuuliza: mlikuwa mnaongea nini wakati wa kula, ulikasirishwa na nini. Ananipa kidogo kidogo, kama mtu ambaye bado hajaniamini. Juzi ameniambia kuwa mlipokuwa mnajenga kule Nzega ulikuwa unaimba juu ya jukwaa la ujenzi, tena vibaya, mpaka wenye nyumba wanacheka. Sikujua kama uliwahi kuimba.

Lala, Baba. Mwenyezi Mungu akupanulie kaburi lako. Siahidi kwamba sitamwonea wivu. Ninaahidi kwamba sitamdhulumu tena kwa sababu hiyo, na kila mchoro nitakaouchora kwa mitaa hii utakuwa na majina mawili chini yake, la Saidi likitangulia.

Mwanao,
Mwanaidi