Hodi Ukutani kwa Bibi Mwanahawa

Jumamosi, 4 Mei
Tope tena. Asubuhi kwa jirani yangu Mama Eliza, mchana kwangu. Nguo sijui nitazifua lini. Mgongo umekufa. Mtoto mdogo nambeba, dada yake Zuhura anafuata na kikopo chake, anachota tope na kulimwaga palepale. Miaka minne, anajiona fundi.

Maji yameondoka hapa Masuguru, harufu imebaki. Nisichokipenda ni kimya. Kuku wa mtaa mzima walikwenda na maji, hakuna jogoo hata mmoja. Asubuhi inaingia bila kutangazwa.

Baba Zuhura kapiga simu kutoka Mkata. Barabara mbovu, mahindi bado hayajauzwa. Nimemwambia tuko salama.

Jumapili, 5 Mei
Leo zamu ya Bibi Mwanahawa, jirani wa nyuma. Anaishi peke yake tangu mumewe, Mzee Saidi, afariki mwaka juzi. Tope ndani lilifika kwenye chaga za kitanda. Mama Eliza alishika beleshi, mimi ndoo.

Utani wa Mama Eliza haukauki hata kwa mafuriko. "Nyie Wazigua, mto mnauona unakuja, mnaukaribisha chai." Nikamjibu, Msambaa akionekana huku tambarare ujue ndizi zimeisha kwao milimani. Bibi alicheka mpaka akakohoa.

Tulichota, tukafagia, tukamwaga maji mpaka sakafu ikaonekana. Tukajisifu. Nikamwambia bibi aje alale kwangu mpaka nyumba ikauke. Hataki. Kwake ni kwake.

Jumatatu, 6 Mei
Jua kali. Kila mtu kaanika godoro.

Alasiri nilimpelekea bibi uji. Amekaa kitandani, kajitanda kanga mpya, kama anayengoja mgeni. Akaweka kidole mdomoni, ninyamaze. Nikasikia.

Ko. Ko ko.

Ukuta wa nyuma. Polepole, kwa adabu, kama mtu anayebisha hodi na anajua wenyewe wapo. Nikazunguka nje. Hakuna mtu. Tope tupu limejaa mpaka usawa wa dirisha, laini, halina alama ya mguu. Nikarudi ndani. Ko.

Bibi akasema, "Ni mzee huyo. Alikuwa anagonga hivyo hivyo akitoka kwenye mkonge."

Niliacha kikombe pale pale nikaondoka.

Jumanne, 7 Mei
Nimeogopa, kisha nimekumbuka. Nyumba ya mama mkubwa, Handeni. Mvua ilikatika, watu wakafurahi, jua likawaka, ndipo nyumba ikakaa chini. Nayo ilianza kwa kugonga. Tofali bichi likinywa maji halafu likapigwa na jua linapasuka ndani kwa ndani.

Na sisi tumeharibu zaidi. Tumetoa tope la ndani, la nje tumeliacha. Lile la ndani ndilo lililokuwa linauhimili ukuta. Sasa la nje linasukuma na ndani hakuna kitu. Sakafu safi, tumejisifu.

Ukuta umeota tumbo. Nilimwita Mama Eliza. Aliweka kiganja, akakitoa haraka. Utani ulimwisha. "Unahema," alisema.

Tulijaribu kuchota la nje. Kila beleshi moja, ukuta unagonga. Tukaacha, tukaondoka kwa kunyata kama wezi.

Bibi nimemweleza yote. Ananisikiliza kama mtu anayemsikiliza mtoto. "Nikiondoka atamkuta nani?"

Kugonga nakujua kunatoka wapi. Ila sijui kwa nini nikiongea kunanyamaza. Nikimaliza, ko.

Jumatano, 8 Mei
Zuhura alipotea. Nilikuwa nakamua nguo, nikageuka, hayupo. Nilijua yuko wapi kabla sijaita.

Kakaa chini kwa bibi, mgongo kauegemeza kwenye ukuta ule ule, kwenye tumbo lake. Unagonga, anajibu, "Karibu." Unagonga. "Karibu." Bibi anatabasamu.

Nilimnyakua. Nilimchapa, kisha nikamkumbatia, tukalia wote wawili. Bibi kakasirika. "Mtoto anaitikia hodi, kosa lake nini?"

Nampenda huyu bibi. Nilipojifungua ni yeye aliyenikanda, mama yangu akiwa mbali. Lakini usiku wote nitasikiliza ule ukuta na siuwezi usiku mwingine. Kesho anatoka. Akikataa nambeba.

Alhamisi, 9 Mei
Sikumbeba. Nimesema uongo. Mungu anisamehe.

Nilisimama mlangoni, mdogo mgongoni. Sikuingia. Nikasema, "Bibi, anayegonga yuko nje. Nimemwona. Hataki kuingia, anakuita."

Aliniangalia mpaka nikaona aibu.

"Kavaa nini?"

Sikuwa nimelifikiria hilo. Nikasema kanzu, na kofia yake.

Akasimama. Akapanga mtandio vizuri, akatafuta ndala zake, akatoka. Hakuchukua kitu. Hakugeuka nyuma. Nilimshika mkono mpaka uani kwangu, mkono mkavu, mwepesi. Hapo akasimama.

"Yuko wapi?"

Mkono wangu ulinyooka wenyewe. Ungeweza kwenda popote, ukaenda milimani. "Ametangulia kule, bibi. Kasema umngoje hapa."

Alasiri nikiwa jikoni, sauti moja. Haikuwa kubwa. Kama gunia limetuliwa chini. Kisha bati zikalia kidogo, kisha kimya. Vumbi jekundu likapita uani taratibu, likashuka juu ya nguo nilizoanika.

Mama Eliza alikuja mbio kutoka kwake, hana kiatu, anaita, "Bibi! Bibi Mwanahawa!" Analia tayari.

"Abee," bibi akaitika kutoka kwenye mkeka wangu. "Unapigia nini kelele?"

Tulikwenda kuona. Ukuta wa nyuma umelala kitandani, umekijaza chote, kutoka kichwani mpaka miguuni.

Niligeuka nikarudi kwa bibi.

Jumamosi, 11 Mei
Tumeokoa bati na sufuria. Mama Eliza anafanya kazi bila kutania. Nimemwomba atanie. Amesema kesho.

Zuhura kauliza babu wa ukutani kaenda wapi. Nimemwambia anyamaze, ale.

Ijumaa, 17 Mei
Baba Zuhura amefika. Amesema bibi akae, hapa ni kwake. Nimefurahi kwamba sikuhitaji kumwomba.

Bibi anakula vizuri. Anamsuka Zuhura. Nyumba haiulizii kabisa. Ila kila alasiri anavuta kigoda mpaka uani, anakigeuza kutazama milima, kule nilikoonyesha. Anakaa hapo mpaka magharibi, ndipo anakuja kutawadha.

Leo niliamua kumwambia ukweli. Nilikaa karibu naye namnyonyesha mdogo, maneno yako mdomoni kabisa. Ukungu ulikuwa unashuka, njia inaonekana nusu. Akanigusa goti.

"Wewe ndiye uliyemwona. Angalia vizuri. Si yule?"

Nikaangalia. Muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

"Bado, bibi," nikamwambia. "Bado."

Mtoto akasinzia. Sikuinuka.