Mwaitu Wayua, Aliyebaki na Lugha ya Wasuleti

Umetimia mwaka mmoja, Mwaitu, mama yetu, tangu tukuzike hapa Kalimoni, kando ya shamba lako la mbaazi. Mvua ilinyesha vizuri msimu huu. Mbaazi zilipokomaa hakuna kati yetu aliyezigusa, mpaka siku moja baba alitoka mwenyewe na kikapu, akachuma za kwanza, akarudi akakaa nazo jikoni. Hakuzipika. Alikaa tu.

Sokoni Thika walikujua kwa vyondo vyako. Ulisokota uzi wa mkonge kama wanawake wengine, lakini ulipoanza kusuka, mkono wako ulizunguka upande usio wao. Walikutania, "Wayua, kiondo chako kinaenda au kinarudi?" Nawe ulijibu bila kuinua macho, "Kinajua kwao." Wakacheka, wakanunua. Vyondo hivyo havikuchakaa upesi. Mpaka leo tunakutana navyo njiani, begani mwa watu tusiowajua, na tunasimama kidogo.

Hukupenda kelele. Hukupenda mtoto aachwe alie, hata wa jirani. Ulikuwa unaacha chungu motoni na kwenda kumchukua. Chakula chako cha kwanza ulimpa aliyefika mwisho. Na jioni, ukiwarudisha mbuzi zizini, ulizungumza nao kwa lugha ambayo hakuna mtu mwingine aliyeijua. "Torei," ulikuwa ukiwaambia mlangoni, "torei," na mbuzi walisimama wakangoja. Tukiwa wadogo tulidhani ni lugha ya mbuzi. Tulipokua kidogo mwanao Muthoka akakuomba utufundishe. Ulimpangusa vumbi usoni ukamwambia, "Nyinyi ni watu wa baba yenu. Semeni lugha ya baba yenu mpate wa kuwajibu."

Siku hiyo ndipo ulipotueleza kidogo, na baadaye baba akatueleza yaliyobaki. Kwenu kulikuwa mbele ya Kilimambogo, kwenye vilima ambavyo Wakamba walivizunguka bila kuvipanda. Watu wenu waliitwa Wasuleti. Walichimba mifereji wakaijenga kwa mawe, maji yakashuka kutoka kilima hadi kilima, na kila mfereji ulikuwa na jina na wimbo wa kuusafisha. Walifua chuma. Walifuga nyuki ndani ya kuta za nyumba, na kesi zao ziliamuliwa na wanawake wazee wakiwa wamekaa ndani ya maji hadi magotini, ili maneno yasiwe marefu. Wewe ulikuwa msichana wa kuchota maji ulipoanza ugonjwa wa ndui, na kabla haujaisha ikaja ile njaa kubwa. Mama yako alitoka kutafuta chakula. Bibi yako alingoja, kisha akakushika mkono mkateremka. Yeye aliishia mtoni. Wewe ulitokea kwa nyanya yetu Kalondu, mama yake baba, ukiwa huna nguo wala neno la Kikamba. Kalondu alikupa uji wa mtama, akakuita Wayua kwa sababu uliletwa na yua, yaani njaa, na hakukuuliza kitu mpaka ulipojifunza kujibu.

Ulikua katika boma lile. Ukaolewa na Ndambuki, baba yetu, kwa hiari yako, na yeye hupenda kusema ulimkataa kwanza.

Baba alikupeleka kwenu mara moja, kabla hatujazaliwa. Mlikuta miti imeota ndani ya nyumba. Mifereji ilikuwa imejaa udongo. Anasema ulipiga magoti ukaanza kuchimbua mmoja kwa mikono, ukiimba polepole, ukatoa udongo mpaka mawe ya chini yakaonekana. Alitaka kukusaidia lakini hakujua wimbo, na aliona haya kugusa. Ulichimbua kipande cha urefu wa mtu aliyelala. Halafu ukanyamaza, ukasimama, ukapangusa mikono kwenye nguo. "Twende," ukamwambia. "Huu wimbo ni wa watu wengi."

Hukurudi tena. Hukusema tena habari za vilima vile. Kikamba chako kikawa kizuri kuliko chetu, Kiswahili ukakichukua sokoni, na padre akakubatiza. Tulidhani umesahau. Mtu akija kutoka mbali, mgeni yeyote, tulikuona ukimsikiliza ukiwa umeinamisha kichwa. Hatukujua unasikiliza nini.

Mwaka wa 1953, Katunge wako alikuwa ameshaolewa na Jared na kuhamia Ruiru, kwenye shamba la kahawa alikofanya kazi mumewe. Pale palikuwa na mzee aliyegeuza kahawa kwenye vitanda vya kuanikia. Aliitwa Kitheka. Hakuwa na mke wala mtoto, na watu walimwogopa kwa sababu alinung'unika peke yake akifanya kazi, maneno yale yale, hayaeleweki. Siku moja Katunge alikuwa akipita na debe la maji akasikia "torei". Akaweka debe chini.

"Mzee, umesema nini?"

"Sijasema kitu."

"Umesema torei. Mama yangu huwaambia mbuzi hivyo."

Mzee aliacha kugeuza kahawa. "Mama yako ni nani?" akauliza. Katunge anasema mzee alimshika mkono kwa nguvu mpaka akaogopa.

Jumapili iliyofuata ulikwenda Ruiru. Jared alikuja na baiskeli akupakie nyuma, ukakataa, ukatembea njia yote na kitambaa chako cha kanisani kichwani, na Jared akasukuma baiskeli kando yako. Mlimkuta Kitheka amekaa nje ya chumba chake kambini, amevaa koti aliloazima. Ulisimama mbele yake ukamsalimu kwa Kisuleti, salamu ndefu. Katunge hakuwahi kukusikia ukisema maneno mengi hivyo ya lugha hiyo kwa mtu.

Kitheka alikutazama. "Mwaitu, sielewi," akasema kwa Kikamba. "Nisamehe. Sijui hata neno moja."

Katunge anasema uso wako ulizeeka pale pale. Ulitafuta mahali pa kukaa ukaketi juu ya jiwe. Kisha ukamwambia kwa upole, "Basi unachokisema ukigeuza kahawa ni nini?"

"Sijui ni nini. Nilikutwa nikikisema." Akaeleza kwamba watu waliokuwa wakihama njaa walimkuta msituni chini ya mti, mtoto mdogo, peke yake, ndiyo sababu wakamwita Kitheka, yaani msitu. Walimlea lakini walimwita pia mtoto aliyetupwa. Mama yake alimtupa apunguze mzigo, walisema, na yeye akakua akijua hivyo. Maneno yale alikuwa akiyasema tangu siku waliyomkuta. "Nimedhani ni laana aliyoniachia," akasema. "Nimejaribu kuyaacha. Mdomo haukubali."

"Yaseme."

"Torei hanu. Meribi. Sokandu."

Ulimwambia ayaseme tena. Akayasema. Ulikuwa umefumba macho. Katunge alikuuliza, "Mwaitu, ni mabaya?" Ulimgeukia yule mzee ukamwambia maneno yake moja moja, kwa Kikamba, taratibu, kama mtu anayemlisha mgonjwa.

"Kaa hapa. Usilie. Ninarudi."

Kitheka hakusogea. "Alisema anarudi?"

"Alisema anarudi."

"Mbona hakurudi?"

"Mwaka ule, walioenda kutafuta chakula hawakurudi. Mama yangu pia hakurudi." Halafu ukamwambia, "Lakini anayemtupa mtoto, ndugu yangu, hamwambii asilie."

Yule mzee alivua kofia akajifunika nayo uso. Alilia kwa sauti mchana ule, mbele ya kambi nzima, na watu waliokuwa wakimwogopa walisimama milangoni wasijue la kufanya. Wewe ulihama kutoka kwenye jiwe ukakaa karibu naye. Mlikaa hivyo mpaka Jared akaona jua linashuka, na zile zilikuwa siku za hali ya hatari iliyotangazwa na wakoloni, haikufaa mtu kukutwa njiani giza likiingia.

Tangu hapo Kitheka alikuja Kalimoni kila Jumapili aliyopewa ruhusa kutoka shambani. Alitaka kufundishwa. Ulimfundisha kama mtoto: maji, moto, njoo, kula, nyuki, jiwe. Akikosea ulimpiga kofi dogo mkononi, mzee mzima mwenye mvi, naye anacheka. Na wewe ulicheka, Mwaitu! Ulikuwa na kicheko kingine kabisa, cha juu, cha msichana, ambacho baba alisema hajawahi kukisikia katika ndoa yote. Baba alikuwa anatoka kwenda kukaa nyuma ya nyumba asiwasumbue. Mara moja Muthoka alimkuta huko akifuta macho, akamuuliza kama ana wivu. "Wivu wa nini?" baba akasema. "Nilikuwa nimemwoa nusu. Leo nimesikia ile nusu nyingine."

Ulituambia pia jina ulilopewa na mama yako. Hatutaliandika hapa, ulisema ni la kuitwa tu. Kitheka alikuwa akikuita kwa jina hilo akiwa bado mbali njiani, na ulikuwa unaacha kila kitu.

Mliendelea hivyo kwa miaka mitatu, isiyotimia. Ungekuwa na miaka kumi ungemfikisha mbali.

Mwaka jana, mvua ndefu zikiisha, ulianguka ukiwa unasokota. Hospitalini Thika ulipofungua macho, Kikamba kilikuwa kimekutoka. Kiswahili kimekutoka. Ulituona, tulijua unatuona, ulitushika mikono ukatueleza jambo kwa Kisuleti, ukangoja tujibu. Tukasema, "Mwaitu, sema Kikamba." Ukarudia, kwa subira, kama vile hatujasikia vizuri. Muuguzi alisema unaweweseka. Mwanao Mwanzia alimwambia, "Haweweseki. Anaongea. Ni sisi tusiosikia."

Jared alikimbia Ruiru kumwita Kitheka. Mwenye shamba alikuwa amesafiri na hakuna mwingine wa kutia sahihi ruhusa ya kutoka. Kitheka alingoja siku moja. Ya pili aliondoka bila ruhusa. Walimsimamisha kwenye kizuizi karibu na Juja wakamkalisha chini hadi mchana, naye aliwaambia ukweli, kwamba dada yake anakufa na hakuna mwingine wa kuzungumza naye. Askari mmoja akamwachilia. Alifika na matope mpaka kiunoni, akaita jina lako akiwa bado mlangoni, na uso wako wote ukafunguka.

Tukamzunguka. "Anasema nini?"

"Anataka maji." Tukakupa. "Anasema mlango ufungwe, baridi." Tukafunga. "Anauliza kama Ndambuki amekula." Baba akasema amekula, ingawa hakuwa amekula.

Halafu ukaanza kusema kwa urefu. Ulisema muda mrefu, huku umemkazia macho Kitheka, wakati mwingine ukitabasamu, mara moja ukilia. Naye aliinama karibu na mdomo wako, akijibu neno moja kila ulipotua. Ukasema tena, akajibu. Sauti yako ikapungua ukawa kama unayesimulia hadithi mtoto akilala, na mwisho ni wewe uliyelala. Hukuamka. Ilikuwa alasiri na mlango wa wadi ulikuwa umefungwa kama ulivyotaka.

Tulitoka nje na Kitheka. Katunge akamuuliza, "Mama ametuachia neno gani?"

Alishindwa kututazama. "Sijui," akasema. "Yale hakuwa amenifundisha bado. Nilishika maji, nilishika mama, nilishika njia. Mengine yalinipita."

"Lakini ulikuwa unamjibu."

"Nilikuwa nasema ndiyo. Hilo nalijua. Sikutaka aseme peke yake."

Mwaitu, tumelia zaidi kwa ajili ya maneno yale kuliko tulivyolia kwa kitu kingine. Lakini baba ametuambia kitu na tunakishika: ulimaliza kusema. Uliyasema yote, mtu akiwa amekushika mkono, akikuitikia kwa lugha ya mama yako. Tulipokuzika, padre alimwomba Kitheka akuage kwa lugha yenu. Alisimama, akavua kofia, akafungua mdomo. "Sasa nikisema," akasema kwa Kikamba, "nani atanisahihisha?" Akakaa.

Bado anakuja Jumapili. Anapalilia kaburi lako, anakunywa chai na baba.

Tunaokukumbuka ni mume wako Ndambuki. Wanao Muthoka, Katunge na Mwanzia. Mkwe wako Jared. Na wajukuu wako wote wa Kalimoni na Ruiru. Na Kitheka. Tulipokuwa tukiandika haya tulimuuliza tumweke vipi, ndugu au rafiki wa familia.

"Andikeni," akasema, "mtoto wa kwao."

Siku zetu zote tutakukumbuka, Mwaitu.