Akaunti ambazo hakuna aliyeziomba

Alhamisi. Joto linakaba, mvua bado haitaki kuanguka, na vumbi la malori ya mgodi wa Mashamba limeingia hadi ndani ya droo ya meza yangu. Nimechoka. Kazi naiweza. Watu ndio wamenichosha.

Wiki iliyopita walimfukuza Mado, mwenzangu wa kaunta hapa benki kwa miaka minne. Alikuwa akiwafungulia wateja akaunti ambazo hawakuziomba. Mchimbaji anakuja kupokea pesa alizotumiwa na kaka yake, Mado anapiga kopi ya kadi yake ya mpiga kura, na jioni yule mtu ana akaunti mbili bila kujua. Kila mwezi benki inamkata gharama za zote mbili.

Ni wizi. Sitaki kuupamba.

Lakini nani alitundika ule ubao wenye majina yetu na idadi ya akaunti ambazo kila mmoja lazima afungue kwa wiki? Shefu, mkuu wa tawi letu. Nani alimsimamisha Mado kila Jumatatu tumpigie makofi? Shefu huyo huyo. Mimi, niliyekuwa wa mwisho, aliniuliza mbele ya wote kama kazi naitaka au nikauze mkaa. Kisha ndiye aliyetusomea barua ya kumfukuza Mado, uso ameukunja kama mtu aliyeshtuka.

Alijua. Wote tulijua.

Leo asubuhi alikuja Tata Kapenda, mkulima wa mihogo kutoka Sandoa. Alikuwa amesafiri siku mbili juu ya lori. Aliweka karatasi zake mbele yangu, akazinyoosha kwa kiganja, akauliza taratibu:

"Mama, konti yangu ni moja. Hii ya pili, nani aliiomba?"

Nikaitafuta kwenye mashine. Jina la mfanyakazi aliyeifungua halikuwa la Mado. Lilikuwa langu.

Wiki ile ya maneno ya mkaa nilifungua akaunti sita za namna hiyo. Sijawahi kumwambia mtu.

Shefu alikuwa amesimama nyuma yangu, naye aliliona jina. Akamwambia mzee kwamba aliyefanya hayo alishafukuzwa, benki inaomba radhi. Halafu akaniinamia, akasema chini chini:

"Weka yote ku jina ya Mado. Ye alisha kuenda."

Nakiri, nilikaribia kukubali. Nina batoto wawili shuleni, na lilikuwa jambo la kutikisa kichwa tu. Ila Tata Kapenda alikuwa bado ananitazama, anangoja jibu kutoka kwangu.

"Ni mi, tata," nikasema. "Ni mi niliifungua. Sikukuuliza."

Hakufoka. Aliuliza sababu, nikamwonyesha ubao na kumweleza. Akautazama, kisha akamgeukia shefu:

"Na ule aliandika hii tablo, batamufukuza lini?"

Shefu akaingia ofisini kwake na kufunga mlango.

Niliifunga ile akaunti, kisha nikawaandikia wakaguzi wa makao makuu: majina yote sita, ubao, na maneno niliyoambiwa sikioni. Kabla ya saa nane mchana nikaambiwa niende nyumbani hadi nitakapoitwa.

Nikapitia kwa Mado. Alikuwa anafua. Nilimweleza yote nikiwa nimesimama, nikidhani atafurahi. Alikamua shati, akalitundika kambani, akauliza kwa nini sikusema siku ile barua yake iliposomwa.

Siku ile nilikuwa nimekaa mstari wa mbele, nikitazama viatu vyangu.

Akanipa stuli, akaendelea kufua.

Wamebaki wateja watano. Wawili wanakaa upande wa Nzilo. Kesho asubuhi napanda pikipiki kuwatafuta, mmoja mmoja, wasikie kutoka kinywani mwangu. Sijui nitaanzaje kusema.