Mashine Iliyovuta Damu Yenyewe

Baba Nekesa wangu,

Ng'ombe wanakusumbua? Leo hospitalini nilidungwa dawa yenye mionzi, ili nipigwe picha. Ulihofia watanitoboatoboa wakitafuta damu ya kupima. Mashine iliivuta yenyewe kwa mpira mwembamba, tone kwa tone, mimi nimelala tu. Daktari akanionya nisikaribiane na mjamzito hadi jioni.

Kufika Donholm kwa Nekesa, nikapata watu wa kanisa wananingoja waniwekee mikono. Nekesa wetu na tumbo lake hilo nikamfukuza hadi mlangoni. Akanyoosha mkono kutoka huko, akaomba kwa sauti kuwashinda wote: "Mungu, leo mama akae mbali nami, lakini mtoto huyu amkute."

Yule jogoo usimchinjie mgeni yeyote. Mgeni ni mimi nikirudi.

Mama Nekesa