Jumamosi za Ndururu

Nyaramba,
Jumapili jioni.

Rafiki yangu Kemunto,

Mwalimu wetu alitufundisha kwamba barua huanza kwa kumjulia hali anayeandikiwa. Nimekaa na kalamu muda mrefu nikitafuta namna ya kukuuliza hali yako, nimeshindwa. Basi nitaanza na hali ya Ndururu. Leo amekula.

Nakuandikia kwa Kiswahili kwa sababu ndiyo lugha tuliyomfundishia. Kwenu kila mtu alimsemesha kwa Ekegusii, huyu akimwita, yule akimfukuza jikoni, na wewe ukasema amri zetu lazima ziwe na lugha yake, asije akachanganyikiwa. Ndiyo maana Ndururu akajua "ruka" na "pita" na "ngoja" kabla ndugu zangu wadogo hawajajua kumwamkia mgeni.

Jana nilikaa kanisani nikamkumbuka baba yako siku ile mjomba wako aliporudi kutoka mashamba ya chai ya Kericho na mtoto wa mbwa ndani ya mfuko wa koti. Mama wa huyo mbwa alikuwa wa nyumbani kwa meneja, mbwa wa kulala kwenye zulia. Baba yako alimgeuzageuza mkononi, akasema, "Nilimwomba shemeji yangu mbwa, ameniletea chenji." Tukacheka mpaka mama yako akatuambia tutoke nje. Hapo ndipo ulipompa jina la sarafu ndogo kuliko zote, na hata rangi alifanana nayo.

Sijui kama ungependa nikukumbushe tulivyoanza. Nitakukumbusha tu, maana hakuna mwingine wa kumwambia.

Tulianza vibaya. Tuliwaona mbwa wa polisi kwenye maonyesho ya kilimo Kisii, wakiruka ukuta wa mbao na kupita katikati ya pete, na tuliporudi tukajenga viunzi vyetu nyuma ya migomba yenu. Tulikuwa na fito, gunia kuukuu, na ubao uliobaki paa lenu lilipoezekwa mabati. Ufito wa kwanza tuliuweka usawa wa kifua changu, kwa sababu ndivyo tulivyoona kule. Ndururu aliutazama juu, akatutazama sisi, akapita chini yake. Tukamfunga kamba tukamvuta. Akaketi. Wavulana waliokuwa wakirudi kutoka mtoni wakasimama kwenye ua wakatuuliza kama tukishamaliza na huyo tutamfundisha kuku naye aruke paa.

Uliniachia kamba, ukatembea ukazunguka ufito, ukachuchumaa upande wa pili ukiwa na visamaki vya omena kiganjani. Ulisema umekumbuka neno la yule askari wa mbwa kwenye maonyesho, ulipomsumbua kwa maswali mpaka akavua kofia: mbwa hasukumwi, mbwa anangojwa. Kisha ukaniambia nishushe ufito. Nikashusha. Shusha tena. Nikashusha mpaka ukalala juu ya nyasi kabisa, usizidi unene wa kidole. Ndururu akauvuka bila kujua kwamba ameruka, na wewe ukamsifu kana kwamba amevuka mto Gucha.

Tukapandisha polepole, hapana zaidi ya goti lake. Gunia tukalishona liwe kama shimo refu, tukalitandaza juu ya fito zilizopindwa, na siku za kwanza tulilikunja liwe fupi ili akuone upande wa pili. Ubao tuliuweka chini kwanza, halafu juu ya mawe. Na siku zote tuliacha akiwa bado anataka. Hilo lilikuwa gumu kwangu. Mimi nilitaka arudie mpaka akamilishe, wewe ukasema anayechoka na mchezo hauiti tena mchezo.

Hivyo ndivyo tulivyogawana: mimi mwanzoni, wewe mwishoni. Mimi nilisema "ruka," wewe ulisema "njoo." Lakini hukusema njoo tu. Ulisema, "Njoo kwa mama." Mama yako aliyasikia akiwa anamenya ndizi mlangoni, akakuuliza, ikiwa wewe ni mama wa mbwa, yeye amekuwa nani? Ukamwambia, nyanya. Akakurushia ganda. Akasema hajawahi kusikia ukoo wake una mkia, na kwamba siku atakapoitwa nyanya wa mbwa atahama Nyaramba.

Tena tuligawana siku. Wewe ulikuwa wa Misa, mimi wa Sabato. Jumamosi nilipokuwa kanisani na gauni langu jeupe, wewe ulimfundisha peke yako, na Jumapili ulipokwenda Misa nilikuja mimi. Ulisema katika Nyaramba yote hakuna mnyama mwenye bahati kama Ndururu, anayetumikiwa na madhehebu mawili. Baba yangu alipoyasikia hayo alijizuia kucheka, kwa sababu yeye ni mzee wa kanisa, lakini niliyaona mabega yake yakitikisika.

Ulifariki siku ya Jumamosi. Nilikuwa kanisani. Nilikuwa nimeambiwa tu kwamba una homa na kwamba wamekupeleka hospitali, na nikawaza, basi leo Ndururu amekosa mtu. Hilo ndilo nililokuwa nikiliwaza, Kemunto. Tulipotoka nje nikaona akina mama wamesimama vikundi vikundi, na hakuna aliyetaka kunitazama.

Sitaandika juu ya mazishi. Ulikuwapo.

Baada yako Ndururu alilala pembeni ya migomba, pale ulipo, na hakutoka hata mvua iliponyesha. Chakula alikinusa akakiacha. Nilipomleta kwenye viunzi vyetu aliruka cha kwanza, akasimama, akatazama mwisho. Hapakuwa na mtu. Akarudi kwako. Nilijaribu kumwanzisha kisha nikimbie niwahi mwisho mimi mwenyewe, lakini akawa anageuka nyuma kunitafuta, na sote wawili tukawa tunazungukazunguka kama watu waliopotezana sokoni. Nilijaribu na sauti yako pia. Nilisema njoo kwa mama. Alilala chini akaweka kichwa juu ya miguu. Sikusema tena.

Mama yako hakuweza kumtazama. Hakumpiga wala hakumfukuza, aligeuza uso tu. Hata watu alikuwa hawasemeshi, aliitikia kwa kichwa. Baba yako aliniita akaniambia kwa upole kwamba amempata mwenye duka huko Nyamarambe anayetaka mbwa mdogo wa kukamata panya stoo, na kwamba atakuja kumchukua Jumapili hii jioni. Alisema, "Si kwamba namchukia, mwanangu. Lakini mama yake Kemunto anahitaji kupumua." Nilielewa. Hata hivyo nilijua kwamba akifika Nyamarambe sitamwona tena, na kwamba hatakula huko pia.

Sasa usikie jambo hili. Bwana mifugo alitangaza kwamba atakuja uwanja wa Nyaramba kuchanja mbwa dhidi ya kichaa, na ili watu wasiwafiche mbwa wao kama mwaka jana, ataweka fito na pipa na ubao, na mbwa atakayepita vyote vizuri atapewa zawadi. Kemunto, hicho ndicho tulichokuwa tunakitengeneza nyuma ya migomba bila kujua kwamba kuna siku mtu atakileta na gari la serikali. Nilifikiri, kama mama yako angemwona Ndururu akikimbia mbele ya watu, akiruka kama ulivyomfundisha, labda angeona kitu kingine kwake isipokuwa kifo. Labda asingemtoa.

Lakini ilikuwa Jumamosi. Unaona? Jumamosi ilikuwa yako.

Nilimwomba baba. Nilingoja amalize kukamua, nikamweleza yote, pamoja na mtu wa Nyamarambe. Alinisikiliza mpaka mwisho, ndoo ikiwa mkononi. Kisha akasema, "Ingekuwa siku yangu ningekupa. Sabato si yangu." Hakuwa mkali. Ndiyo maana sikuweza hata kukasirika.

Basi jana nilikaa kanisani. Unajua uwanja ulivyo karibu. Nilisikia mbwa wakibweka kwenye foleni ya sindano, na watu wakishangilia, na filimbi. Mahubiri yalikuwa juu ya subira, na sikuyasikia vizuri. Baadaye niliambiwa zawadi alipata mbwa wa mwenye kinu, aliyepita chini ya fito zote isipokuwa mbili, lakini wengine walikuwa wameng'ang'ania pipa wakaanza kupigana. Ndururu alichanjwa, baba yako alimpeleka kwa kamba na kumrudisha.

Leo asubuhi baba aliingia jikoni, akanywa chai yake, akasema huku akitazama mlango, kana kwamba anazungumza na jogoo, kwamba gari la mifugo litakuja kuchukua vifaa kesho. Halafu akasema, "Leo si Sabato."

Nilikimbia. Kwenu hapakuwa na mtu, wote walikuwa Misa. Nilimbeba Ndururu kutoka pale kwako, amekuwa mwepesi sana, nikampeleka uwanjani. Vyote vilikuwa bado vimesimama. Nilizishusha fito zote mpaka chini ya goti lake. Nilimwonyesha pipa, nikampitisha juu ya ubao polepole, nikampa omena, na akaila moja. Nikapata matumaini. Nikamweka mwanzoni, nikasema ruka.

Aliruka ufito wa kwanza. Aliruka wa pili. Akapanda ubao, akafika katikati, akasimama akatazama mwisho wa uwanja.

Wakati huo Misa ilikuwa imekwisha na watu walikuwa wanapita njiani. Wakasimama. Wale wavulana wa mtoni walikuwapo, na mmoja akasema betri imekwisha. Mwingine akasema apelekwe juani betri ipate moto, kama ya redio. Watu wakacheka kidogo, si kwa ubaya. Mimi nilisimama mwanzoni na sikujua la kufanya. Nikimwacha niende mwisho, atageuka kunifuata. Nikibaki, mwisho hapana mtu. Niliona tu kwamba nitampeleka nyumbani akangoje mtu wa Nyamarambe.

Mama yako alitoka katikati ya watu. Alikuwa na kitambaa cheusi kichwani na rozari bado mkononi. Alinipita bila kunitazama. Alipita pembeni ya fito moja moja, pembeni ya ubao ambapo Ndururu alikuwa amesimama, na Ndururu akageuza kichwa kumfuata kwa macho. Alifika mwisho, pale ambapo wewe ungekuwa. Akajikunja akachuchumaa, na gauni lake la kanisani likagusa vumbi. Unajua Kiswahili cha mama yako, ni cha kuuzia ndizi tu. Nilidhani atamwita kwa Ekegusii kama siku zote.

Alisema, "Njoo. Njoo kwa nyanya."

Ndururu alishuka ubao mbio. Aliruka, akaingia ndani ya pipa, tukasikia kucha zake zikikwaruza chuma, akatokea upande ule. Ufito wa mwisho alipita chini yake. Wewe ungemrudisha aurudie. Mimi sikumrudisha. Aliingia kwenye mapaja ya mama yako kwa nguvu hata akamwangusha, na mama yako akaketi pale chini, akalia, kwa sauti, kwa mara ya kwanza tangu mazishi. Akina mama wa Misa wakaja wakaketi karibu naye. Mmoja wa wale wavulana alikwenda akaiokota rozari yake, akaipangusa kwenye shati.

Tulirudi pamoja. Njia nzima Ndururu alitembea kati yetu. Tulipofika kwenye ua wenu mama yako akamwambia baba yako, kwa sauti yake ile ya zamani, "Yule wa Nyamarambe atafute paka." Baba yako akasema atamwambia. Akaingia ndani haraka, na nadhani ilikuwa ili tusimwone uso.

Halafu mama yako akaniuliza kitu ambacho ndicho kimenifanya nikuandikie leo. Aliuliza ulikuwa unafanya nini naye siku za Jumamosi. Nikamwonyesha. Nilimwonyesha gunia, ambalo panya wamelitafuna kidogo, na mahali ulipokuwa ukichuchumaa, na jinsi ya kushika omena wazi kiganjani asiumwe vidole. Alirudia amri zote tatu, "ruka" akaisema "roka," na Ndururu akaielewa vilevile. Jumamosi ijayo nikiwa kanisani atakuwa naye.

Kwa hiyo usiwe na wasiwasi na siku yako. Ina mtu.

Mtihani wetu wa darasa la saba unakaribia. Nikifaulu nitakwenda shule ya bweni, na nimemwambia mama yako nikamwona anafikiri. Alisema nikiwa huko, siku za Jumapili atamtafutia Ndururu dhehebu la tatu. Nilicheka, kisha nikaona kwamba utani ule ni wako, alikuwa ameuweka.

Nakuahidi nitashusha ufito kila mara anaposhindwa, wala sitamvuta. Nakuahidi nitaacha akiwa bado anataka. Na barua hii nitaiacha hapa pia, kabla sijaimaliza vizuri, kama ulivyonifundisha, ili kesho nitamani kukusemesha tena.

Lala salama, Kemunto. Ndururu yuko mlangoni kwa mama yako, shibe imemlaza.

Mwenzako wa mwanzoni,
Moraa